Popo Katika Dari la Ghala

Katika maghala kadha wa kadha ya vyama vya msingi popo hujificha chini ya mabati, mchana kutwa wakining'inia vichwa chini, na magharibi hutoka kwa makundi. Kinyesi chao huchafua magunia, na harufu yake haivumiliki. Ndiyo maana kamati nyingine hupitisha azimio la kununua dawa ya kuwaua. Kabla fedha za wanachama hazijatumika kwa kazi hiyo, yafaa ieleweke popo ni kiumbe wa namna gani.

Husemwa kwamba popo si ndege wala si mnyama. Kwa hakika ni mnyama: huzaa na kunyonyesha, aghalabu mtoto mmoja tu kwa uzazi mmoja. Umri wake nao ni wa kustaajabisha. Huko Siberia alinaswa popo mwenye uzito wa gramu 7 hivi, ambaye alikwisha kutiwa alama miaka 41 kabla ya siku hiyo. Kiumbe azaaye polepole namna hii, kundi lake likiuawa, hakosi kuchukua miaka mingi kurudia idadi yake.

Na je, hupitaje gizani? Mnamo mwaka 1793 padri wa Kiitalia, Lazzaro Spallanzani, aliwapofusha popo, akashangaa kuona wanaruka bila ya kujigonga. Louis Jurine wa Uswisi akawaziba masikio, nao wakajigonga ovyo. Wataalamu wengi wa siku zile hawakusadiki. Ilibidi kungojea hadi mwaka 1938, pale Donald Griffin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipotumia chombo cha mwalimu wake G. W. Pierce, ikabainika kwamba popo hutoa sauti nyembamba mno zisizosikika na sikio la binadamu, kisha husikiliza mwangwi wake. Kwa mwangwi huo popo mla wadudu humnasa nondo angani.

Nondo huyo ndiye mzazi wa funza atoboaye vitumba vya pamba na magunzi ya mahindi. Katika wilaya nane za kusini mwa Texas, Marekani, watafiti walikadiria mwaka 2006 kwamba popo huwaokolea wakulima wa pamba kiasi cha dola 741,000 kila mwaka, ilhali zao lenyewe lina thamani isiyozidi dola milioni 6.4. Mwaka huo huo popo wa mashariki mwa Marekani walianza kufa kwa ugonjwa wa ukungu. Eyal Frank, katika utafiti uliotolewa mwaka 2024, alionyesha kwamba katika wilaya zilizopatwa na msiba huo wakulima waliongeza dawa za wadudu kwa asilimia 31 hivi. Mtu aliyezoea kukagua vitabu ataitambua hesabu hiyo: kazi iliyofanywa bure imehamia upande wa matumizi.

Hata hivyo popo si wa kuchezewa. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, walipatwa na homa ya Marburg, na virusi vyake vikaonekana katika popo wa matunda waliomo humo. Popo wakaangamizwa. Walirejea wachache, lakini watafiti walipowapima mwaka 2012, baada ya homa kuzuka tena wilayani humo, kiwango cha wenye virusi kilikuwa kimezidi maradufu.

Kwa ghala, basi, njia iliyo bora ni kuziba. Matundu yote huzibwa isipokuwa moja au mawili, ambayo huwekewa wavu ulioachwa wazi chini, popo watoke wasiweze kurudi. Baada ya siku kadhaa nayo huzibwa. Kazi hii isifanywe wakati kuna watoto wasioweza kuruka. Kinyesi kinyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, na mfagiaji afunike pua na mdomo, kwani vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu. Popo asishikwe kwa mkono mtupu. Atakayeumwa naye aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo ya kichaa cha mbwa.