Fildi isimtenge kijana na wenzake

Pamba inapoanza kumiminika kwenye viwanda vya kuchambulia mkoani Simiyu, katikati ya mwaka, vijana wengi wa vyuo nao huwa wanatawanyika kwenda fildi. Anayesomea umeme hujikuta kiwandani Bariadi au Maswa, ovaroli limeganda vumbi la nyuzi, akimvizia msimamizi amtilie sahihi kwenye kitabu cha mafunzo. Jioni anarudi kwenye chumba cha kupanga, kwenye mtaa asikomjua mtu. Wenzake wako Meatu, Busega, pengine Mwanza. Wazazi wengi, na wakufunzi pia, huona hiyo ndiyo nafuu yenyewe: soga za bwenini zimekwisha, sasa ni kazi. Nadhani wanakosea, tena kwa hasara ya ajira ileile wanayoitetea.

Tuangalie kinachomsubiri kijana huyu akimaliza. Viwanda vya pamba hufanya kazi kwa msimu na ajira za kudumu ni chache, kwa hiyo wengi itabidi wajiajiri. Mlango mkubwa wa mtaji ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 kati yake ni ya vijana. Fedha hiyo hutolewa kwa kikundi. Fundi hodari asiye na watu wa kuaminiana nao hawezi hata kujaza fomu. Kiwanda cha chaki cha Maswa na kile cha maziwa cha Meatu, ambavyo mkoa ulijivunia sana miaka michache iliyopita, viliasisiwa na vikundi vya vijana. Na kuaminiana hakufundishwi karakana; huanzia uwanjani, kwenye sahani moja ya ugali, kwenye kukopeshana nauli na kuona nani analipa. Wasukuma walilijua hili zamani: vijana chini ya nsumba ntale, kiongozi wao, walilima mashamba ya watu kwa ngoma na nyimbo, na ujira wao ukaliwa kwa pamoja. Starehe ilikuwa ndani ya kazi.

Kuna watakaosema starehe za chuo ni pombe, utoro na mimba zisizotarajiwa. Zipo, hakuna wa kubisha. Lakini kijana mpweke mwenye posho kidogo mfukoni hakosi baa; anachokosa ni mwenzake wa kumwambia twende tukalale. Pingamizi zito zaidi ni la nafasi. Mwongozo wa kitaifa wa mafunzo ya uanagenzi wa mwaka 2017 unawahimiza waajiri kupokea vijana, ila gereji ya mtaani haiwezi kubeba watano kwa mpigo. Ni kweli, na haihitajiki. Chuo kinaweza kuwapanga wawili wawili katika mji mmoja hata kama waajiri ni tofauti, mmoja gereji, mwingine kiwandani, wakachangia kodi ya chumba. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, walio karibu na chuo wakarudi chuoni: asubuhi vitabu vikaguliwe na makosa ya kazini yajadiliwe, alasiri mpira. Walioko mbali, kama Mwanhuzi wilayani Meatu, ambao nauli ingewamaliza, wakutane hukohuko, na safari hiyo aifunge mkufunzi.