Askari Chipukizi wa Barafuni: Jinsi Kipaji Kinavyopimwa

Katika majira ya joto ya mwaka 1972 Wakanada wawili, Bob Davidson na John McLellan, walitumwa Muungano wa Kisovieti kwa kazi ambayo kila mwanajeshi anaielewa, nayo ni kuwachunguza wapinzani kabla ya pambano. Timu ya Kanada ilikuwa ikijiandaa kupambana na Warusi katika mechi nane za mpira wa magongo wa barafuni, ambao kwa kifupi huitwa hoki. Wachunguzi hao walipelekwa kutazama mechi ya majaribio, na langoni alisimama kijana wa miaka 20 aitwaye Vladislav Tretiak. Usiku ule alifungwa mabao manane. Taarifa iliyofika Kanada ilisema kwamba Warusi hawana mlinda mlango.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Montreal, Wakanada walipata mabao mawili katika dakika saba za mwanzo, na watazamaji wakadhani kazi imekwisha. Mchezo ulipomalizika Warusi walikuwa wameshinda kwa mabao saba kwa matatu. Baadaye Kanada ilijitahidi na kumaliza mfululizo huo kwa kushinda mara nne, kushindwa mara tatu na kutoka sare mara moja. Bao la ushindi katika mechi ya mwisho, huko Moscow, lilifungwa na Paul Henderson zikiwa zimesalia sekunde 34. Lakini jina la Tretiak halikusahaulika tena. Kuhusu yale mabao manane, yeye mwenyewe alieleza kwamba siku hizo alikuwa anaoa, na mawazo yake hayakuwa uwanjani.

Davidson na McLellan hawakuwa watu wasioujua mchezo. Walichokiona walikiona sawasawa, na idadi ya mabao waliihesabu sawasawa. Tatizo ni kwamba waliona usiku mmoja, kisha wakautolea hukumu ya mtu mzima.

Kwa wale ambao hawajapata kuuona mchezo huu, inafaa yaelezwe machache. Kila upande huwa na wachezaji sita uwanjani, pamoja na mlinda mlango. Wote huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, na badala ya mpira wa duara hugombania kisahani kigumu cha mpira chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho mpigaji hodari huweza kukirusha kwa mwendo unaozidi kilometa 150 kwa saa. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika ishirini. Kwa kuwa nguvu hutumika nyingi mno, mchezaji hukaa uwanjani kwa muda usiofika dakika moja, akatoka, mwenzake akaingia. Hata Afrika Mashariki mchezo huu si mgeni kabisa, kwani vijana wa Kenya wamekuwa wakiucheza jijini Nairobi katika uwanja wa barafu uliofunguliwa hotelini mwaka 2005.

Anayempima kijana wa hoki hutazama kwanza miguu. Si kasi ya kwenda moja kwa moja tu, maana hiyo hata saa ya mkononi yaweza kuipima. Hutazama hatua tatu za kwanza baada ya kusimama, jinsi anavyogeuka bila kupoteza mwendo, na kama anaweza kuteleza kinyumenyume huku uso wake ukimkabili adui. Pili ni mikono, yaani uwezo wa kukipokea kisahani na kukitoa bila kukiangalia. Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni macho na akili ya mchezo. Kijana mwenye akili hiyo hafiki mahali kisahani kilipo. Hufika mahali kitakapokuwa. Mchunguzi mzoefu hulijua hilo kwa kumtazama mchezaji wakati hana kisahani, wakati ambapo watazamaji wengine wote wanamtazama mtu mwingine. Kisha huja kimo na uzito, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu mwili ni kitu kinachopimika, na kitu kinachopimika humvutia kila mwandika taarifa.

Katika Muungano wa Kisovieti kazi hii ilikuwa mikononi mwa vyombo vya dola. Klabu ya CSKA ya Moscow ilikuwa klabu ya jeshi, na Dynamo, iliyoanzishwa mwaka 1923, ilikuwa ya vyombo vya usalama na polisi. Wachezaji wa CSKA walikuwa wanajeshi wenye vyeo, na klabu iliweza kuwachukua vijana waliofikia umri wa kulitumikia jeshi kutoka pembe zote za nchi. Kwa miaka mingi kocha wao alikuwa Anatoly Tarasov, mtu mkali, mwenye fikra nyingi, na ambaye mara nyingi alisema la mwisho juu ya hatima ya kijana.

Hata Tarasov alipata kutilia shaka kipaji kilichokuwa mbele ya macho yake. Valeri Kharlamov alizaliwa mjini Moscow tarehe 14 Januari 1948, baba yake Mrusi na mama yake Mhispania wa kabila la Basque. Akiwa na umri wa miaka 13 aliugua, ugonjwa ukagusa moyo, na madaktari wakampiga marufuku kukimbia, kuogelea na hata kushiriki masomo ya mazoezi ya viungo shuleni. Baba yake hakukubali kwamba mwanawe atakuwa mtu wa kukaa kitako. Mwaka 1962 alimpeleka kimyakimya kwenye majaribio ya shule ya watoto ya CSKA. Siku hiyo walikuwa wakitafutwa waliozaliwa mwaka 1949. Kharlamov, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo, alijitaja kuwa wa mwaka huo, akaaminiwa na akachaguliwa. Umri wake wa kweli ulipogunduliwa, makocha walikuwa wamekwisha kuuona uchezaji wake, wakamwacha abaki.

Udogo ule uliomsaidia kuingia ndio uliokaribia kumtoa. Tarasov alitaka washambuliaji wenye maumbo makubwa, wa kuweza kupambana na Wakanada, na hakuona namna kijana huyu atakavyostahimili. Mwaka 1966 Kharlamov, pamoja na beki Alexander Gusev, alipelekwa Chebarkul, mji mdogo wa kambi ya jeshi katika milima ya Ural, kuichezea timu ya daraja la chini iitwayo Zvezda. Kwa kijana wa Moscow, hiyo ilikuwa sawa na kupewa uhamisho wa kwenda kituo cha mpakani. Huko alicheza kila mechi, bila ya kusubiri nafasi nyuma ya majina makubwa, akafunga mabao 34 katika mechi 40. Boris Kulagin, msaidizi wa Tarasov, alikuwa akifuatilia habari zake na kumtetea. Mwaka 1967 alirudishwa, na safari hii hakuondoka tena.

Miaka mitano baadaye, katika ile mechi ya Montreal, Kharlamov alifunga mabao mawili. Gusev naye alikuwamo katika kikosi cha mfululizo ule. Kharlamov alipata medali za dhahabu za Olimpiki mwaka 1972 na mwaka 1976, akafa kwa ajali ya gari tarehe 27 Agosti 1981 akiwa na umri wa miaka 33.

Safari ya Tretiak ilikuwa nyingine kabisa. Yeye, mtoto wa rubani wa jeshi, aliletwa juu haraka. Alikuwa na miaka 15 Tarasov alipomwita kufanya mazoezi pamoja na watu wazima. Aliagizwa atembee na mpira wa tenisi popote aendapo, akiurusha na kuudaka, mpaka mkono uzoee kufanya kazi bila ya kuamriwa na kichwa. Mmoja aliivishwa mbali na macho ya kocha, mwingine chini ya macho hayo hayo. Katika yote mawili hukumu haikutolewa kwa siku moja.

Katika Amerika Kaskazini utaratibu ni tofauti. Ligi kuu ya huko, NHL, ambayo sasa ina timu 32, huendesha uteuzi wa vijana kila mwaka tangu mwaka 1963. Siku hizi uteuzi una duru saba, na wengi wa wanaoteuliwa wana miaka 18. Kabla ya siku hiyo walio mashuhuri zaidi hupimwa pumzi juu ya baiskeli, hupimwa nguvu za mikono na kuruka, kisha huhojiwa na wakuu wa timu mmoja baada ya mwingine. Mamilioni ya dola hutegemea majibu hayo, na bado majibu hukosea. Mwaka 1993 Ottawa ilimchukua Alexandre Daigle kuwa wa kwanza, na Chris Pronger akawa wa pili. Daigle alimaliza akiwa na mabao 129 katika mechi 616, rekodi ya mchezaji wa kawaida. Pronger alitajwa mwaka 2000 kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kwa upande mwingine, Pavel Datsyuk wa Urusi alipitwa na timu zote kwa sababu alionekana mdogo na dhaifu, hata mwaka 1998 Detroit ilipomchukua akiwa wa 171. Alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2002 na tena mwaka 2008.

Liko na jambo ambalo wataalamu walilitambua katika miaka ya 1980. Timu za watoto za Kanada hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari mosi. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba huwekwa pamoja, ingawa wamepishana karibu mwaka mzima. Yule wa Januari huonekana hodari, huchaguliwa, hupewa kocha mzuri na mechi nyingi, na hatimaye huwa hodari kweli. Ndiyo maana waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka hujaa katika timu teule za vijana kupita kiasi.

Kipimo kimoja hakimo miguuni wala mikononi mwa kijana, nacho ni kama ataruhusiwa kwenda. Mwaka 1983 Montreal ilimteua Tretiak akiwa wa 138. Wakuu wa Moscow hawakumruhusu, na mwaka 1984 aliacha mchezo akiwa na miaka 32. Mwaka 1988 Buffalo ilimteua Alexander Mogilny wa CSKA akiwa wa 89, nafasi ya chini kwa kipaji kama kile, kwa kuwa timu nyingi hazikuamini kwamba atapatikana. Mei 1989, baada ya mashindano ya dunia mjini Stockholm, Mogilny hakurudi nyumbani. Kwa jeshi lake alikuwa mtoro. Mwaka huo huo Meja Vyacheslav Fetisov, nahodha wa timu ya taifa, aliyekuwa amekataa kuondoka kwa kutoroka na kudai hadharani aachiliwe na jeshi, alikubaliwa kwenda Marekani kuichezea New Jersey, akiwa na miaka 31.