Kutu Isiyo na Likizo

Soya ikipukutisha majani kabla maganda hayajajaa, mkulima wa Aveba, hapa Ituri, huilaumu mvua. Hajakosea sana, ila mvua ni msaidizi tu. Geuza jani utazame upande wa chini. Ukiona vipele vidogo vya rangi ya udongo mkavu, na ukipitisha kidole kikabaki na unga, hiyo ni kutu ya soya. Inasababishwa na kuvu iitwayo Phakopsora pachyrhizi.

Unga ule ni vijimbegu vyake, na upepo ndio gari lao. Kijimbegu kikitua kwenye jani lililolowa kwa saa sita hivi, kinaota. Kutu nyingi hupenya kwenye vitundu vya kupumulia vya jani. Hii hutoboa ngozi moja kwa moja. Siku kumi hazijaisha, unga mpya uko tayari kupeperuka.

Kutu hii iliripotiwa kwanza Japani mwaka 1902. Uganda iliipata 1996, na 2007 ikaripotiwa rasmi hapa Kongo.

Swali linalonisumbua ni hili: kuvu hii haiishi kwenye jani lililokufa, wala haisafiri ndani ya mbegu. Ukishavuna, inakwenda wapi?

Inakwenda kichakani. Kuna soya-mwitu, Neonotonia wightii, mmea wetu wa asili barani Afrika: unatambaa na kuparamia vichaka, una majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja na maua meupe madogo. Mifugo huupenda. Nao ni wa jamii ya kunde, kwa hiyo kutu huupokea kama inavyoipokea soya. Mimea ya jamii hiyo inayoweza kuibeba kutu hii imepita aina 150.

Marekani, ilikoingia 2004, hujificha kwenye mmea mwingine wa porini, kudzu, uliotoka Asia. Lakini kila mwaka baridi kali huyaua majani ya kudzu, na kutu hurudi nyuma hadi pwani ya kusini kusiko na jalidi. Ituri hatuna baridi ya namna hiyo. Hapa kutu haina likizo.

Tena tuna letu la peke yetu. Watu wamekimbia vita mara nyingi, na shamba la soya likiachwa hujiotea lenyewe, bila wa kulipalilia. Hilo ni ghala jingine la kutu, na pengine liko karibu na soya yako kuliko kichaka chochote.

Usihangaike kung'oa kila soya-mwitu. Hutaimaliza, na upepo hauulizi mpaka. Ng'oa soya iliyojiotea, panda mapema, na ikiwezekana panda wiki moja na majirani. Mwulize agronomu wako kuhusu mbegu zinazostahimili kutu. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Maksoy 1N mwaka 2004 kwa ajili hiyohiyo. Ua la kwanza likichanua, anza kugeuza majani, na uanzie yale ya chini.