Lukemia ya Promielositi: Tiba Isiyongoja Jibu la Maabara

Katika aina nyingi za saratani kali ya damu, tabibu huthibitisha kwanza aina ya ugonjwa, kisha huanza tiba. Lukemia ya promielositi haivumilii utaratibu huo. Leo ni miongoni mwa saratani za damu zinazopona vizuri zaidi. Hata hivyo, mgonjwa anaweza kufariki kwa kuvuja damu ubongoni au mapafuni kabla jibu la uchunguzi wa vinasaba halijapatikana.

Chanzo cha hatari hiyo ni chembe nyeupe zilizokwama kabla ya kukomaa. Chembe hizo huchochea damu kuganda ndani ya mishipa na, wakati huohuo, huharakisha kuyeyuka kwa mabonge yaliyokwisha kufanyika. Chembe sahani, pamoja na fibrinojeni, ambayo ni protini inayoshikanisha bonge la damu, hutumika hadi kupungua mno. Kumwongezea mgonjwa damu pekee ni sawa na kujaza mtungi uliotoboka.

Dawa inayoziba tundu hilo ni tretinoini, dawa ya kumeza itokanayo na vitamini A. Haiui chembe changa, bali huzifanya zikomae. Mwaka 1988, Wang Zhenyi na wenzake wa Shanghai walichapisha matokeo ya wagonjwa 24 waliopewa dawa hiyo: wote walipata nafuu kamili, mmoja wao baada ya kuongezewa dawa nyingine. Tangu 2015, imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo tretinoini huanzishwa mara ugonjwa unaposhukiwa kwa dalili na kwa hadubini. Vinasaba vikionyesha aina nyingine, husitishwa. Wakati ikianza kufanya kazi, chembe sahani hudumishwa juu ya 30,000 hadi 50,000 kwa mikrolita, na fibrinojeni juu ya miligramu 100 hadi 150 kwa desilita, kwa kuongezewa chembe sahani, plazma au kriopresipiteti. Vipimo hurudiwa angalau kila siku. Heparini haitolewi kama desturi, na kuchoma sindano ya uti wa mgongo huahirishwa.

Tiba yenyewe huhitaji uangalizi. Homa, kupumua kwa shida na uzito unaopanda ghafla huashiria chembe zinazokomaa kwa mkupuo. Deksamethasoni hutolewa bila kukawia.

Haya yote hutegemea aliyempokea mgonjwa mara ya kwanza. Fizi zinazotoka damu, michubuko isiyo na sababu, madoa mekundu ya ngozi au hedhi isiyokoma, vikiambatana na uchovu au homa, vinastahili hesabu kamili ya damu siku hiyohiyo. Chembe sahani zikiwa chache, mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyo, si wiki ijayo.