Frigo haitengenezi baridi, inatoa joto

Katika koperative moja ya wafugaji huku Kivu ya Kaskazini, kamati ilikuwa karibu kusaini mukopo. Koperative hiyo iko na restora ndogo pembeni ya soko. Asubuhi inauza chai ya maziwa, muchana inauza ugali, sombe na maharagi, na ndani ya frigo yake kubwa inatunza maziwa na fromaji ya wanamemba mupaka siku ya soko. Kila mwisho wa mwezi hesabu ilikuwa ileile: feza ya umeme, pamoja na esanse ya jenereta siku umeme unakatika, ilikula faida. Malipo ya maziwa yakachelewa, na wanamemba wengine wakaanza kuuzia wachuuzi wa barabarani. Hata hivyo baridi haikutosha, maziwa ya jioni yalikuwa yanachacha. Kamati ikasema: tununue frigo ya pili na jenereta yenye nguvu zaidi.

Tulipofika, tuliwaomba kitu kimoja tu: mbele ya kusaini, tukae siku mbili pamoja karibu na hii frigo na tuangalie namna inafanya kazi.

Mutumbwi wenye unavuja

Wengi wetu tunafikiri frigo inatengeneza baridi, sawa vile jiko linatengeneza moto. Sivyo. Frigo inachota joto lenye liko ndani na kulimwaga inje, kupitia mabomba membamba ya mugongoni. Ndiyo maana mugongo wake ni wa moto. Ni kama mutu anayechota maji ndani ya mutumbwi wenye unavuja. Tundu likiwa kubwa, atachota muchana na usiku bila kumaliza. Kumununulia ndoo kubwa zaidi ni gharama. Kuziba tundu kwanza ni akili.

Feza inapotelea hapo. Mota ya wati 250 ikizunguka saa 24 bila kupumzika, inakula kilowati-saa 6 kwa siku. Ikipumzika nusu ya muda, inakula 3. Frigo ni ileile. Tofauti ni joto lenye tunaliingiza.

Mambo tuliyoyakuta

Kwanza, mahali. Frigo ilikuwa imebanwa kwa ukuta wa jikoni, karibu na mbabula, na mabomba ya nyuma yalifunikwa na vumbi na mafuta. Joto lilikosa pa kutokea. Tuliitoa umeme, tukasafisha mabomba kwa brosi laini, tukaihamisha kwenye kivuli mbali na moto, tukaacha nafasi ya kiganja kizima nyuma yake. Usafi huo urudiwe kila mwezi, maana jikoni kuna moshi na mafuta mingi.

Pili, kauchu ya mulango. Chukua noti ya franka 500, ifungie katikati ya mulango na frigo, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, hewa ya moto nayo inaingia bila kuzuiwa. Pima pande zote nne. Wakati mwingine kauchu ni chafu tu. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ikiwa imepasuka, ibadilishwe.

Tatu, barafu. Ndani mulikuwa na barafu nene kama kidole. Barafu ya ukutani ni blanketi: inazuia joto la chakula lisichotwe. Ikifika nusu ya sentimetre, zima frigo, fungua mulango, acha iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu! Ukitoboa bomba, gazi inatoka na frigo inakufa.

Nne, na hili ndilo kubwa zaidi: maziwa ya moto. Hapa tunakubali kosa letu. Katika mafunzo ya usafi tulisema, “maziwa yaende kwa frigo haraka”, lakini hatukusema yapite wapi kwanza. Maziwa yanatoka kwa ng’ombe yakiwa karibu digrii 38. Ili yafike digrii 4, lazima yashuke digrii 34. Ukisimamisha bidon ya chuma ndani ya maji baridi ya chemchemi, yenye kufunikwa vizuri, ukibadilisha maji yanapopata moto, unaweza kuyashusha mupaka karibu digrii 20. Hapo digrii 18 kati ya 34 zimetolewa na maji, bure. Frigo inabakiwa na chini ya nusu ya kazi.

Vilevile kwa sombe na maharagi: gawanya ndani ya vyombo vidogo, weka ndani ya beseni ya maji baridi, halafu frigo. Lakini chakula chenye kupikwa kisikae inje kupita saa 2.

Umeme ukikatika

Kona zenye hazina kitu, weka chupa za maji mule munamoganda. Zinaganda wakati umeme uko, na zinatunza baridi wakati hauko. Usifungue mulango kila saa kuangalia. Umeme ukirudi, ngoja dakika 5 mbele ya kuwasha tena, ili mota isiumie.

Musikosee

Kupunguza gharama si kupandisha joto la chakula. Maziwa na nyama vibaki digrii 4 ao chini yake kidogo, bila kuganda. Weka termometa ndani ya glasi ya maji katikati ya frigo, isome asubuhi na jioni, andika ndani ya daftari. Na kuzima frigo usiku ili “kuchunga umeme” ni hasara: asubuhi utalipa kuchota joto lote tena, na maziwa yatakuwa yameanza kuharibika.

Ile koperative ilinunua kitu kimoja tu: kauchu mupya. Maziwa ya jioni sasa yanafika asubuhi yakiwa mazima, na mukopo umewekwa pembeni. Mama mwenye kutunza sanduku alituambia: “Ile feza ilikuwa inatokea kwa mulango, na sisi tulikuwa tunaangalia dirisha.”

Kazi ya wiki hii: restora ikifungwa jioni, zima vitu vingine vyote, soma namba ya konteri ya umeme. Asubuhi, mbele ya kufungua, soma tena. Tofauti ndiyo frigo imekula usiku. Fanya mambo manne hapo juu, halafu soma mara ya pili. Leteni namba hizo mbili kwenye mukutano, na mbele ya wanamemba wote mujadili kama kweli munahitaji frigo ingine.