Usimlaumu Mbwa kwa Kazi Aliyozaliwa Nayo

Wahenga walisema kuwa tabia haina dawa. Usemi huu aghalabu huelekezwa kwa binadamu, lakini yeyote aliyewahi kumfuga mbwa mdogo aitwaye Jack Russell atakiri kwamba unamhusu mnyama huyo vilevile. Wako wanaomnunua kwa sababu ni mdogo, mweupe na wa kupendeza. Miezi michache baadaye malalamiko huanza: amefukua maua, amerarua viatu, amewaua kuku wa jirani, anabweka usiku kucha. Hatimaye hufungwa mnyororo. Je, mwenye makosa ni mbwa au ni aliyemnunua?

Jibu limo katika asili yake. Jina teria latokana na neno la Kilatini terra, maana yake ardhi, kwa kuwa mbwa wa jamii hii walizalishwa ili wawafuate wanyama mashimoni. Mwasisi wa mbwa tunayemzungumzia alikuwa kasisi Mwingereza, John Russell, aliyezaliwa mwaka wa 1795 na kufariki mwaka wa 1883. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi huko Oxford, alimnunua kutoka kwa muuza maziwa mbwa jike aliyeitwa Trump, na kwa jike huyo akaanzisha kizazi cha mbwa wa kuwindia mbweha katika jimbo la Devon.

Kasisi huyo alitaka mbwa mweupe, asije akadhaniwa kuwa mbweha katika purukushani za mawindo. Mwenye kifua chembamba cha kupenya shimoni. Na mwenye ushujaa wa kumkabili mbweha gizani, si kwa kumuua, bali kumfurusha atoke nje. Alipaswa kubweka akiwa chini ya ardhi ili wawindaji wajue alipo. Uwindaji wa namna hiyo ulipigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya mwaka wa 2004, lakini hapana sheria iwezayo kufuta kilichomo damuni.

Basi tunachokiita utundu ndiyo kazi yenyewe. Mbwa huyu ana kimo cha sentimita 25 hadi 30 na uzani wa takriban kilo tano au sita, lakini nguvu zake si za kimo hicho. Anahitaji matembezi na michezo ya kutosha kila siku, ua usio na mwanya chini yake, na mafunzo tangu utotoni, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Manyoya yake hayana taabu. Kuyapiga brashi mara moja kwa wiki hutosha. Akaguliwe kupe, apewe dawa za minyoo, wala asilishwe chokoleti, vitunguu au zabibu, ambavyo ni sumu kwake.

Fauka ya hayo, iko chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishadhihirisha dalili kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona, na watoto wa shule ni miongoni mwa wanaoumwa mara nyingi zaidi. Walimu na wawafundishe wanafunzi kwamba jeraha la kuumwa na mbwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitali bila kuchelewa, hata kama mbwa alionekana mzima.

Mbwa huyu huweza kuishi zaidi ya miaka 13. Mtoto wa darasa la kwanza anayeletewa leo huenda akamaliza sekondari mbwa angali hai. Mzazi asiye na nafasi wala wakati kwa muda wote huo ni heri asimnunue. Kumfunga mnyororo mnyama aliyeumbiwa mbio, kisha kumwita mkorofi, ni dhuluma ambayo hatupaswi kuwarithisha watoto wetu.