Pikapu ya toleo jipya: nani atangulie? (Sehemu ya 2)

Mkulima mmoja wa vitunguu wa Mang'ola, mzee ninayemheshimu, alinisimamisha sokoni Karatu siku chache baada ya sehemu ya kwanza ya makala haya kutoka. Siku hiyo hakuwa na salamu ndefu. "Mwalimu," alisema, "umetufundisha kukagua gari lililotumika. Sasa niambie lile jipya. Si jipya la dukani tu. Jipya kabisa, ambalo hata jirani hajawahi kuwa nalo. Nilichukue, au niwaache wengine wajikwae kwanza?"

Nilimjibu kwamba hatari ipo, ila si ile anayoiogopa. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa gunia lenye mawe chini. Leo namlipa deni.

Wahandisi wana mchoro mmoja ambao mimi huuita karai. Chukua pampu elfu moja za aina moja, ziwashe siku moja, kisha hesabu zinazoharibika kila mwezi. Mwanzoni zinaanguka kadhaa kwa mfululizo: hii ilifungwa vibaya, ile chuma chake kilikuwa na ufa. Zile dhaifu zikiisha, mstari unashuka na kulala chini kwa muda mrefu. Hicho ndicho kitako cha karai. Baadaye unapanda tena, kwa kuwa vyuma vimechoka. Mzee wangu alikuwa anauogopa ukingo wa kushoto, yaani makosa ya utotoni.

Hajakosea kuuogopa. Toyota yenyewe, ambayo huku jina lake limekaribia kuwa dini, iliuonja ukingo huo hivi karibuni. Pikapu yake kubwa ya soko la Marekani, Tundra, ilipata toleo jipya la mwaka 2022: injini ya zamani ya V8 ikaondoka, ikaja V6 yenye turbo mbili. Mei 2024 kampuni ikatangaza kuyaita magari takriban 102,000 ya matoleo ya 2022 na 2023, Tundra pamoja na Lexus LX, kwa sababu chembe za chuma zilizobaki ndani wakati injini inachongwa kiwandani zingeweza kula beringi za krenki na kuzima gari barabarani. Dawa iliyotolewa ilikuwa kubadilisha injini nzima bila malipo.

Tazama lakini nani aliumia, na kwa kiasi gani. Mmarekani mwenye Tundra alipoteza siku na subira, basi. Iko sheria inayomlazimu mtengenezaji kumtafuta, yupo wakala mjini kwake, na kumbukumbu za gari zimo kwenye kompyuta kwa namba ya chesisi. Kosa la kiwandani, kwa mtu aliye karibu na kiwanda na sheria zake, ni usumbufu. Likimkuta mtu aliyenunua pikapu hiyohiyo kwa njia za panya na kuishusha bandarini Dar es Salaam, hakuna anayejua kwamba gari hilo lipo.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana katika karai, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Gari linaweza kuwa zima kabisa lilikotoka, likafika mahali likashindwa na namna watu wa pale wanavyoendesha. Australia ni shahidi. Kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 yaliuzwa kule magari zaidi ya 260,000 ya Hilux, Prado na Fortuner yenye injini mpya za dizeli na chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hukusanya masizi, kisha hutakiwa kuyachoma lenyewe kila baada ya muda. Kwenye magari hayo mfumo huo ulishindwa hasa pale dereva alipokwenda safari ndefu kwa mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa, na kwa Mwaustralia hiyo ndiyo safari ya kawaida. Moshi mweupe ukatoka, wenye magari wakaenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ikakubali kwamba yalikuwa na kasoro.

Turudi nyumbani sasa. Sisi hatuna shida ya mwendo wa kasi. Gari la kuingia kreta ya Ngorongoro linateremka ukuta wa mita 600 hivi kwa gia ndogo, linazunguka siku nzima taratibu likimsubiri faru, kisha linapanda ukuta uleule. Machujio mengi ya masizi hayapendi maisha ya namna hiyo, maana hayapati joto la kutosha kujisafisha. Matoleo mengi yanayoletwa Afrika na mawakala hayana chujio hilo, na kwa sababu hiyo Hilux ya wakala na Hilux iliyokusudiwa soko la Japani au Ulaya si gari moja, hata zikifanana kama mapacha. Mnunuzi anayefuata bei ya mtandaoni huwa halijui hilo hadi taa ya njano iwake pale Rhotia.

Dizeli nayo ni habari ndefu. Tangu mwaka 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 katika milioni. Ni hatua kubwa ukikumbuka tulikotoka, lakini injini zinazotengenezwa kwa viwango vya Ulaya vya leo hutarajia sehemu 10. Na hiyo ni dizeli iliyo safi. Wenye umri wangu wanakumbuka enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yalipomwagwa ndani ya dizeli kwa sababu ya tofauti ya kodi, mpaka serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa katika bajeti ya 2011/12 ili biashara hiyo ikose faida. Wenye kibatari waliumia, jambo ambalo halisemwi sana. Pampu ya zamani ilikuwa ikikohoa, inatoa moshi, inaendelea. Injekta za kisasa hupuliza mafuta kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja lile la hewa tunayovuta, kupitia matundu membamba karibu kama unywele. Tone la maji au chembe ya uchafu humo ni msiba.

Ongeza vumbi. Barabara ya lami iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutoka Makuyuni inaishia lango la Lodoare. Baada ya hapo, kuelekea Olduvai na Naabi, ni vijimatuta kama bati la nyumba, na vumbi lililo jivu la volkano, laini kama unga. Ndani ya kreta, ziwa Magadi likikauka, upepo unarusha chumvi inayong'ata chuma na waya. Mzee wangu haendi kuona faru, lakini njia ya kushuka Mang'ola haimhurumii, na pikapu iliyoandikwa tani moja anaipakia lumbesa. Hakuna kiwanda kinachofanyia majaribio lumbesa.

Nisiwe kama wale wanaodhani kila kipya ni uovu. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na hewa ya pale ni nyembamba kwa karibu moja ya tano kuliko ya Tanga. Injini isiyo na turbo hukosa pumzi. Kila aliyepanda na mkonga wenye mzigo anajua namna unavyolia na kutoa moshi mweusi. Injini mpya ndogo yenye turbo hupanda mlima huohuo ikipiga mluzi, na kwa mafuta machache. Breki ni bora zaidi, na kuna mifuko ya hewa. Dereva akigonga nyati usiku Karatu, mfuko wa hewa hautamuuliza kama toleo ni jipya.

Mkonga wenyewe, kwa wasiojua, ni Land Cruiser ya jamii ya 70 iliyopewa jina kwa lile bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo. Naye aliwahi kuwa mgeni. Alizaliwa mwaka 1984, wakati pori hili lilikuwa la Land Rover. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima la Land Rover, magari yakapanga foleni mjini, na wazee wakajifuta machozi. Injini ya mkonga inayosifiwa, 1HZ ya lita 4.2 na silinda sita, ilikuja mwaka 1990. Haina kompyuta ya kuisimamia. Pampu yake ni ya gia na springi. Leo fundi wa Karatu husimama mita tano kutoka kwenye bodi, anasikiliza, anasema nozeli ya tatu imechoka. Huwa tunasema ni uimara wa gari. Mimi nasema nusu yake ni uimara wa fundi, na ujuzi huo umejengwa kwa miaka zaidi ya 30 ya kufungua maiti.

Neno hilo ndilo ninalotaka mzee wangu alibebe. Toleo la gari halijazaliwa Karatu mpaka mojawapo life. Siku ya kwanza pikapu ya toleo fulani ikipinduka na kuburutwa nyuma ya gereji, hapo ndipo maisha yake yanaanza kwetu: difu inauzwa, mlango unauzwa, waya zinafunuliwa, kijana anajifunza sensa ipi imejificha wapi. Maiti ya tano ikifika, spea imeshapata bei ya mtaa. Kabla ya hapo mwenye gari ana mlango mmoja tu wa kubisha, nao uko Arusha au Dar es Salaam.

Kwa hiyo "jipya" si neno la kalenda. Hilux ya mwaka 2016 iliyoshuka bandarini jana, yenye injini ambayo hakuna fundi wa hapa aliyeifungua, ni mpya. Na gari linaloitwa jipya gazetini linaweza kuwa la zamani kwa robo tatu. Mwaka 2023 Toyota iliibadilisha sura jamii ya 70 na kuirudishia taa za duara. Wengi walizungumzia taa. Kilichonivutia mimi ni kwamba lilikuja na injini ya lita 2.8 na giaboksi ya otomatiki. Chesisi ya wazee, moyo wa kijana. Injini hiyo si ngeni, ni ileile ya Hilux na Prado, kwa hiyo hata mfano huu una upya wa daraja tofauti. Anayenunua aulize ni nini hasa kilichobadilika: uso, mwili, au moyo.

Ipo pia hatari ya mtengenezaji kufa kabla ya gari. Kenya ilikuwa na Mobius, kampuni ya Nairobi iliyobuni gari gumu la bei nafuu kwa barabara zetu. Wazo lilikuwa zuri kuliko mengi yanayotoka nje. Agosti 2024 ikatangaza kufunga shughuli kwa sababu ya madeni, na ingawa baadaye wanunuzi walijitokeza, fikiria mwenye gari lile aliyeamka asubuhi hiyo akihitaji kioo cha mbele. Nasi tulikuwa na lori letu la Nyumbu, la Kibaha. Lilibeba jina la mnyama anayejaa Ngorongoro, lakini barabarani halikujaa.

Nani atangulie basi? Atangulie mwenye karakana yake, mwenye magari kumi, mwenye mkataba wa udhamini alioupitia mstari kwa mstari, pamoja na ule unaosema kama kukata chesisi au kubadilisha bodi kunaufuta. Kampuni kubwa za utalii na mashirika hulipa ada hiyo ya ugeni, na sisi hununua ujuzi wao baada ya miaka mitano kwa bei ya gari lililotumika. Mwenye pikapu moja, ambayo ikilala wiki mbili vitunguu vinaota shambani, hana mfuko wa kulipia somo la wengine.

Nilimwambia mzee asiulize dukani kama gari ni zuri, kwa sababu jibu lake analijua. Aulize hivi: injekta ya gari hili ikifa leo Mang'ola, nyingine itafika siku gani, na nani ataifunga?

Juzi alinipigia simu akiwa Arusha. "Mwalimu, wanasema injekta zipo Dar."

"Seti ngapi, mzee wangu?"

Nikamsikia akigeuka kuuliza. Kimya kikawa kirefu, kisha akarudi. "Moja. Tena wanasema ameshaiagiza mwingine."

Itaendelea wiki ijayo.